Redio ya gari inajipandisha sauti yenyewe ukikimbia, au imegoma kujipandisha: jua kwanza inafuata nini

Wakuu, hili swali linarudi sana kwa watu wenye gari za kutoka Japani, hasa waliotoa redio ya kiwandani wakaweka hizi za Android. Mmoja anasema sauti inapanda yenyewe akikanyaga mafuta, akifika kwenye kibao cha 50 inashuka, anadhani redio inakufa. Mwingine shida yake kinyume, gari ilikuwa nayo hiyo kitu toka kiwandani, kabadilisha redio na sasa haipo, akishapita Kibaha na barabara ikafunguka mkono hautoki kwenye kitufe cha volyumu. Wote wawili wakienda kwa fundi kitu cha kwanza kinachotokea ni dashibodi kuvuliwa. Naomba tusikimbilie huko. Dashibodi ya gari iliyokaa juani miaka kumi na kitu klipu zake zinakuwa kavu, ukiivua vibaya mara moja basi kila barabara ya vumbi itakuwa inakugongea kichwa, na mara nyingi sana tatizo lenyewe lilikuwa ndani ya menyu tu au hata kwenye simu.

Kwahiyo kabla ya bisibisi, swali ni moja: hiyo sauti inafuata nini? Inaweza kufuata spidi ya gari, inaweza kufuata mzunguko wa injini, inaweza kufuata kelele zilizomo ndani ya gari, inaweza kufuata simu yako, au haifuati kitu chochote inaruka ruka tu. Kila moja ina sababu yake tofauti na dawa tofauti kabisa, ukichanganya hapo utabadilisha redio nzima kwa tatizo la kitufe.

Kwanza hii kitu yenyewe sio ugonjwa

Gari ikitembea tairi zinapiga kelele na upepo nao unapiga kelele. Kelele ya tairi peke yake inaongezeka kama desibeli 9 mpaka 12 kila spidi inapokuwa mara mbili, maana yake ukitoka 40 ukafika 80 ule muziki uliokuwa unausikia vizuri mjini umeshazama, na sikio la binadamu linaichukulia desibeli 10 kama sauti imekuwa mara mbili hivi. Ndio maana watengenezaji wakaweka mfumo wa kusoma spidi ya gari na kuongeza volyumu polepole, ukipunguza mwendo inarudi ilipokuwa. Barabara zetu zinaifanya ionekane sana kwa sababu kila baada ya kijiji kuna kibao cha 50, unatoka 80 unaingia 50 unatoka tena, sauti nayo inapanda na kushuka njia nzima, mtu ambaye hajui lazima ashtuke.

Shida kila kampuni imeipa jina lake, kwahiyo watu wanalipita kwenye menyu bila kujua ndio lenyewe. Toyota wanaiita ASL, na hata kama navi yako (redio ya kiwandani yenye skrini na ramani) yote ni Kijapani hizo herufi tatu mara nyingi utaziona zimeandikwa hivyo hivyo kwenye ukurasa wa sauti. Honda ni SVC. Nissan utakuta "Speed Sensitive Vol". Mazda ni ALC. Hyundai na Kia ni SDVC. Volkswagen za zamani ni GALA, kifupi cha Kijerumani, na Ford wanaandika "Speed Compensated Volume". Kwenye nyingi kuna ngazi, labda chini, kati, juu, au namba, na kuna kuzima. Kwenye Toyota hiyo ASL haigusi volyumu peke yake, inagusa na toni, kwahiyo ukisikia besi imebadilika kidogo kwenye mwendo usiseme ekwalaiza imeharibika.

Halafu kuna jamii nyingine ambayo haitegemei spidi, ina maiki ndani ya gari inasikiliza kelele halisi. Gari zenye mfumo wa Bose, baadhi ya Mazda na Nissan kwa mfano, zinakuja na AudioPilot ambayo ndio kazi yake hiyo. Hii ukiifungulia dirisha ukiwa 60 tu inaongeza, ukifunga inapunguza, na ni sawa kabisa, ndivyo ilivyo.

Jaribio la kufanya kabla ya kumpigia fundi

Tafuta mtu wa kukaa naye mbele, wewe shika usukani yeye ndio aangalie redio. Usitumie FM na usitumie bluetooth, weka flashi. Na usiweke muziki, weka mtu anaongea, hotuba au mahubiri au podikasti yoyote uliyoidaunlodi, kwa sababu muziki wenyewe unapanda na kushuka utakudanganya.

Gari ikiwa imesimama, gia P au nyutro, hendibreki juu, panda injini mpaka kama 3000 halafu achia. Kama sauti imebadilika hapo, au kuna mlio mwembamba unaopanda na injini, hiyo sio habari ya spidi kabisa, hiyo ni umeme, nenda chini kwenye sehemu ya mlio.

Kama hapo pako kimya, ingia barabara iliyonyooka isiyo na watu, madirisha yamefungwa na feni ya AC umeiweka chini, toka 40 nenda 80 taratibu. Jirani yako aangalie NAMBA ya volyumu kwenye skrini, na hapa ndipo siri yenyewe ilipo. Kwenye redio nyingi ule mfumo wa spidi ukifanya kazi namba haibadiliki, kama uliweka 18 inabaki 18 ila sauti masikioni inaongezeka, maana nyongeza inafanyika ndani kwa ndani. Sasa kama namba yenyewe inatembea, 18, 19, 22, hapo kuna kitu kinaibonyeza redio: kitufe cha volyumu, vitufe vya usukani, au simu. Hilo jaribio dogo la kuangalia namba linakata nusu ya mabishano yote.

Ukibaki 60 fungua dirisha. Ikiongezeka, una maiki. Halafu funga, baki 60 hiyo hiyo ila shusha gia moja ili injini ilie zaidi. Kama sauti imebadilika na gia wakati spidi haijabadilika, rudi kwenye umeme.

Inapanda kupita kiasi, au inakwaruza ukifika spidi kubwa

Hizi mbili naziweka pamoja sababu mara nyingi ni kitu kimoja. Ingia kwenye menyu ushushe ngazi. Mimi msimamo wangu ni ngazi ya chini kabisa ambayo bado unasikia maneno ukiwa 80, ngazi ya juu kwa gari ndogo kama IST au Vitz inafanya abiria wa nyuma wapige kelele ukiwa umetoka kwenye tuta tu, na dereva anaacha kusikia honi za watu wanaotaka kumpita.

Kuhusu kukwaruza, hapa watu wanabadilisha spika bure. Redio ya kawaida kwenye boksi wameandika 50W x 4, lakini nguvu yake halisi ya kuendelea ni kama wati 14 mpaka 22 kwa kila spika. Kuongeza desibeli 3 tu unahitaji nguvu mara mbili, kuongeza desibeli 10 unahitaji mara kumi. Sasa wewe umeshaweka volyumu 30 kati ya 40 ukiwa umesimama, redio iko karibu na mwisho wake, halafu unaingia barabara kuu mfumo unataka kuongeza tena juu ya hapo, hizo wati zitoke wapi? Redio inaanza kukata vichwa vya mawimbi na hicho ndicho unachokisikia kama spika imechanika. Kupima ni rahisi, zima hiyo kitu kabisa halafu rudia spidi ile ile na volyumu ile ile. Mkwaruzo ukiondoka spika zako ni nzima. Suluhisho ni kushusha volyumu ya kuanzia na kupunguza besi kwenye ekwalaiza, sababu besi ndio inayokula nguvu nyingi, au kama unapenda mziki mkubwa kweli weka amplifaya ya nje yenye nguvu ya kutosha. Mkwaruzo ukibaki hata baada ya kuzima, na hata ukiwa umesimama, hapo ndio sasa kagua spika, na usisahau pembe za mlango, plastiki ikilegea inatetemeka na besi na inalia kama spika kabisa.

Haipandi kabisa, na redio ni ile ile ya kiwandani

Anza na betri. Je, betri ilitolewa karibuni? Redio nyingi zikikosa umeme zinarudi kwenye seting za mwanzo na hiyo kitu inaweza kurudi kwenye kuzimwa au ngazi ya chini. Wenye Toyota za Japani wanajua kilio cha navi kujifunga na kuomba namba ya kuifungulia, ile ya ERC, baada ya kutoa betri, wengi ukishahangaika kuifungua unasahau kwamba na seting za sauti zimefutika. Rudi kwenye ukurasa wa sauti uiwashe.

Kama imewashwa na bado haifanyi kitu, angalia mshale wa spidi kwenye dashibodi. Kama mshale nao umekufa au unaruka, tatizo haliko kwenye redio, iko kwenye sensa ya spidi au waya wake au mita, na inawezekana taa ya ABS au ya injini imewaka pia. Tengeneza hiyo kwanza, redio itafufuka yenyewe. Hilo ni jambo la usalama wa gari nzima usilichukulie kama habari ya muziki.

Halafu wapo ambao gari ina mfumo na iko sawa ila wanatarajia makubwa. Ngazi ya chini kwenye gari nyingi inaongeza kidogo sana, ukiwa 50 husikii tofauti yoyote. Weka ngazi ya juu kabisa kwa muda, nenda 90 panaporuhusiwa, sikiliza, kisha urudishe.

Haipandi kabisa, na umebadilisha redio

Hapa ndio kwenye kazi hasa. Redio ya kiwandani ilikuwa inajua spidi kwa njia moja kati ya mbili: waya mmoja mwembamba unaoleta mapigo ya spidi, au mtandao wa ndani wa gari unaoitwa CAN ambao gari nyingi za Ulaya na zile mpya mpya zinatumia. Ukiweka redio nyingine huo waya unabaki unaning'inia nyuma kwa sababu fundi anaunganisha njano, nyekundu, nyeusi na spika, muziki umelia, kazi imeisha kalipwa.

Gari za Japani kwa kawaida zinatoa mapigo manne kwa kila mzunguko wa shafti ya mita, na kwa kiwango cha Japani hiyo shafti inazunguka mara 637 kwa kilomita. Piga hesabu, ni mapigo 2,548 kwa kilomita, ukiwa 60 ni kama 42 kwa sekunde, ukiwa 100 ni kama 71. Redio inahesabu hayo mapigo tu, basi. Ndio maana kwenye baadhi ya navi kuna seting ya idadi ya mapigo, ikiwekwa vibaya itadhani uko 30 wakati uko 60.

Kwenye Toyota huo waya mara nyingi unakuja kwenye plagi ndogo ya pini tano pamoja na waya wa rivasi na wa hendibreki. Kwenye redio za Pioneer zinazohitaji spidi, waya wake ni wa rangi ya pinki. Kwenye gari zenye plagi za ISO za Ulaya ni pini ya kwanza ya plagi A, ile ya umeme. Ila usiamini rangi za waya za gari kwa macho, pima.

Kupima: acha redio ikiwa imechomekwa, ingiza ncha ya multimita kwa nyuma ya plagi, sababu kwenye gari nyingine ukichomoa redio huo waya hauonyeshi kitu. Weka volti za DC. Mtu mwingine aendeshe polepole sehemu tupu. Gari ikiwa imesimama utaona ama karibu na sifuri ama karibu na 5, gari nyingine inafika hata 12, na ikianza kutembea itatulia katikati, kwa waya wa volti 5 utaona kama 2 na nusu hivi. Hiyo ya katikati ni mapigo yanayopanda na kushuka haraka kuliko multimita inavyoweza kusoma. Ikikaa sehemu moja haibadiliki gari ikitembea, sio huo.

Na hapa naomba niseme kwa msisitizo. Huo waya kwenye gari nyingi ni ule ule unaokwenda kwenye kompyuta ya injini na vitu vingine. Ukiugusisha na bodi, mita ya spidi inaweza kufa hapo hapo, na kwenye gari nyingine gia otomatiki zinaanza kubadilika ovyo. Nilishaona gari ambayo fundi aliumenya na kuusokota waya wa redio juu yake akazungushia solotepu, siku ya kwanza sawa, ilipopata joto la mchana gundi ikayeyuka, waya ukagusa bati la redio, dereva yuko njia ya Morogoro mshale ukaanguka sifuri gari ikiwa kwenye mwendo. Solda na utie mpira wa kuvika, au tumia plagi maalum ya gari yako ambayo haikati waya wowote. Hizo plagi zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya redio za magari na bei yake sio ya kukuumiza ukilinganisha na kutafuta hitilafu ya waya baadaye.

Sasa redio za Android za Kichina, nyingi hazitumii waya wa spidi kabisa, zinatumia GPS. Kwenye menyu ya sauti au kwenye seting za kiwandani, zile zinazoomba namba ya siri ambayo muuzaji wako ndio anayo, kuna sehemu ya volyumu kufuata spidi. Umeiwasha na haifanyi kitu? Fungua ramani au programu yoyote inayoonyesha spidi, endesha. Kama haionyeshi spidi, basi redio haijui kama unatembea. Antena ya GPS ni kale kakipande keusi ka mraba kenye sumaku na waya mrefu, na mafundi wengi wanakatupia nyuma ya redio katikati ya mabati ambako hakaoni anga. Kavute ukaweke juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, upande wenye sumaku chini. Kama kioo chako kina tinti ya chuma hapo juu kasogeze sehemu isiyo na tinti. Kagua pia kama skrubu yake nyuma ya redio imekazwa.

Hizi za GPS zina tabia ya kuchelewa. Ukiwasha gari inachukua muda kupata setilaiti, ukitoka maegesho ya chini ya ghorofa ni hivyo hivyo, na sauti inabadilika sekunde chache baada ya spidi. Ndivyo zilivyo, huo sio ubovu.

Kama gari yako ni ya CAN na redio ya Android ilikuja na kile kiboksi kinachotafsiri CAN kwa redio, ingia kwenye seting za kiwandani uhakikishe aina ya gari iliyochaguliwa ni yako. Dalili ni kwamba ikikosewa na vitufe vya usukani havifanyi kazi, na milango ikiwa wazi haionyeshi kwenye skrini. Vyote vinakufa pamoja na vyote vinarudi pamoja.

Namba ya volyumu inatembea yenyewe

Hapa spidi haihusiki hata kama inatokea ukiwa kwenye mwendo. Kama kitufe cha volyumu ni cha kuzungusha, vumbi letu likiingia ndani kile kifaa kinachosoma mzunguko kinachanganyikiwa, unazungusha kulia sauti inashuka, au unazungusha kidogo inaruka kutoka 10 mpaka 17. Kwenye barabara mbovu mtikisiko peke yake unatosha. Jaribu kuzima redio kisha kuzungusha kwenda na kurudi mara nyingi, wakati mwingine inatosha kwa muda, dawa yake ni kupuliza dawa ya kusafishia kontakti, ile isiyoacha mafuta, na kama imechakaa fundi redio anabadilisha hicho kifaa tu, sio redio nzima.

Kama redio ni safi, fikiria vitufe vya usukani. Fanya hivi, simama, washa redio, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto kisha kulia. Mjomba wangu alikuwa analalamika sauti inapanda "akikimbia", kumbe ilikuwa inapanda kwenye kona, na kwenye barabara kuu kona unazikata ukiwa na spidi, ndio maana akaunganisha hivyo. Ilikuwa spairo, ule utepe wa waya unaojikunja nyuma ya usukani, umeanza kukatika. Vitufe vya usukani kwenye gari nyingi vinafanya kazi kwa ukinzani, kila kitufe kina thamani yake, utepe ukichoka thamani inabadilika na redio inadhani umebonyeza kitu ambacho hujabonyeza. Na huo utepe ndio unaopeleka umeme wa eabegi ya dereva, kwahiyo taa ya eabegi ikiwaka pamoja na hili tatizo usilale nalo, na usijaribu kufungua usukani mwenyewe bila kutoa betri na kusubiri, mpe anayejua kazi ya eabegi.

Na simu. Simu nyingi za Android zinaunganisha volyumu ya simu na ya redio ziwe kitu kimoja, ukigusa pembeni ya simu redio inatembea. Simu ikiwa mfukoni inabonyezwa na mkanda, ikiwa kwenye kishikio inabanwa na meno yake kila gari ikiruka. Kata bluetooth siku moja, cheza flashi. Ikiacha, umeshajua. Kwenye simu ya Android unaweza kuingia kwenye seting za wasanidi programu ukazima volyumu kamili ("absolute volume"), zikatengana.

Sauti inashuka ghafla kisha inarudi

Kama inashuka kwa sekunde chache na ramani inaongea, au ilitakiwa iongee ila umeinyamazisha, ni ramani. Kama inashuka ukiweka rivasi, ni seting ya rivasi, gari nyingi na redio nyingi za Android zinayo makusudi ili usikie sensa za nyuma. Kama FM inafifia ukishapita Chalinze, ni masafa ya stesheni, jaribu flashi utaona haifanyi hivyo. Kama inakata kabisa na kuandika "mute" au "tel" bila simu kupigwa, kuna waya wa kunyamazisha nyuma ya redio ambao unafanya kazi ukigusa bodi, mwisho wake haukufungwa, fundi anautafuta na kuuvika mpira, dakika moja.

Mlio unaopanda na injini

Mlio mwembamba unaofuata mzunguko wa injini ni altaneta inayoingia kwenye sauti. Kuzima ASL hakutakusaidia kitu. Tafuta erthi ya redio na ya amplifaya, ikwangue mpaka bati jeupe bila rangi, ikaze. Waya za RCA, zile zinazobeba sauti kutoka redio kwenda kwenye amplifaya, zipitishe upande mmoja wa gari na waya mnene wa umeme upande mwingine. Kama mlio umeanza ghafla na taa za mbele zinapepesuka usiku, kapime altaneta.

Seting haikai, kila ukiwasha gari imerudi

Waya wa njano ndio wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi. Vikiunganishwa vyote kwenye swichi redio inasahau kila kitu ukizima gari, pamoja na saa na stesheni. Kwenye Volkswagen nyingi za zamani plagi ya gari imegeuza hizo nafasi mbili, ukichomeka redio ya kununua moja kwa moja lazima isahau. Badilisha njano na nyekundu, wengine wanaweka kiunganishi cha kugeuza kwenye waya wa redio yenyewe kazi hiyo hiyo.

Kila kitu kiko sawa ila bado husikii ukiwa kwenye mwendo

Hapa naona watu wanapandisha ngazi mpaka mwisho na bado hawaridhiki. Huo mfumo ulipangwa na kiwanda kwa gari yenye raba za milango nzima na tairi za lami. Gari yako imefungwa tairi za meno makubwa ya matope, au raba ya mlango wa dereva imebonyea pale unapoegemea kiwiko, au keria juu ya Noah inapiga mluzi, kelele iko juu kuliko ile iliyokadiriwa. Chukua karatasi, ibane kwenye mlango ukiufunga, ivute. Ikitoka bila ubishi sehemu hiyo raba imechoka, zunguka mlango mzima hivyo hivyo. Keria isiyotumika itoe uone tofauti ya safari moja. Upepo wa tairi nao uweke ule ulioandikwa kwenye stika ya mlango, na tairi iliyoliwa upande inavuma kama ndege, fanya alaimenti.

Ukishafunga raba mpya rudi kwenye menyu ushushe ngazi moja au mbili, kwa sababu ile uliyoizoea ilikuwa inapigana na kelele ambayo sasa haipo.